Mtama Mwekundu wa Usharika

Chuo cha Biblia
Jumapili, 19 Januari 1992

Dada Dorika,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu pia, umwambie miguu yake naiombea kila asubuhi kabla ya kengele ya chai.

Mzee Ezekieli ameniandikia. Unajua nikiuona mwandiko wake huwa nafurahi, maana ndiye mzee wa kanisa aliyesimama mbele ya usharika akalitaja jina langu nije kusoma huku. Safari hii sikufurahi.

Anasema umepika pombe. Mitungi mitatu, nyumbani kwa Mama, ukaita watu kupalilia alizeti yako. Anasema waliokuja ni wengi kuliko wanaokuja ibada, na wengine waliondoka wakiimba tenzi za kanisa kwa sauti za kilevi. Kwa hiyo baraza limekutenga wewe pamoja na nyumba nzima. Hakuna Meza ya Bwana kwa yeyote wa humo mpaka utakaposimama mbele ya watu na kutubu.

Dada, wewe! Wewe uliyenifundisha Sala ya Bwana wakati sijui hata kufunga vifungo vya shati!

Muhula huu tunasoma habari ya hiari. Mwalimu alituuliza: kama Mungu alijua Adamu atakula lile tunda, kwa nini hakuuzungushia mti ule boma la miiba? Akasema, ng'ombe ukimfungia zizini hataingia shamba la jirani, lakini nani atamsifu kwa uaminifu wake? Mungu alitaka watu, hakutaka mifugo. Alituachia mlango wazi, na kila atokaye anatoka kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo usiniambie ujane, wala usiniambie magugu. Ulikuwa na mlango, ukatoka.

Najua siku hizi kila mahali ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, mitumba ruksa, na sasa naona hata vyama vya siasa vitakuwa ruksa. Lakini ruksa ya serikali haijafika madhabahuni. Unasimama, unasema nimekosa, unakaa. Ni dakika moja tu, dada, na Mama atapata Meza yake.

Ndugu yako akupendaye, na aliyekasirika,
Elisha


Sekenke
6 Februari 1992

Elisha mdogo wangu,

Marahaba. Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwako wewe wa mbali. Mimi sina hofu na wewe, unakula mara tatu kwa siku. Huku Mama si mzima. Miguu imevimba mpaka magotini, usiku anahema kama aliyepanda mteremko na kuni kichwani.

Nimeisoma dakika yako moja. Sasa nami nikupe siku zangu.

Shemeji yako Alute alipokufa mwaka juzi aliniachia mtoto wetu Hana na majembe mawili. Nikalima alizeti kwa sababu siku hizi lori la Damiani mnunuzi linafika mpaka mlangoni, unapima, unalipwa, hungoji chama cha ushirika kikukumbuke. Mvua ikaja vizuri. Magugu nayo yakaja vizuri. Nilikwenda kwa umoja wa akina mama wa kanisa, nikapiga magoti, nikaomba waje siku moja tu wanisaidie palizi. Wakasema wataniombea. Wakaniombea kweli, mwenyekiti alilia mpaka machozi. Magugu yakafika kiunoni.

Au umesahau watu wa kwetu? Hawaji shambani kwa mtu kwa sababu ya chai. Tangu mababu, jembe linafuata mtungi. Nilikaa siku nzima kwenye kinu nikafikiri, kisha nikaenda kwa Scola. Huyu humjui, alihamia ulipokuwa umeshaondoka. Ni jirani yetu, mke wa mchimba dhahabu, katokea Itigi, ni Mkatoliki, na pombe ndiyo kazi yake. Nikamwomba anifundishe. Alikataa. Alisema, "Mama Hana, wewe ni wa kanisa lile la pale juu. Kesho watasema mimi ndiye nyoka." Nilimbembeleza mpaka akachoka.

Watu wakaja, shamba likaisha kabla jua halijawa kali. Wawili waliimba tenzi vibaya, ni kweli. Hata wakiwa wazima huimba vibaya.

Sasa nikuulize wewe msomi. Mtama niliopikia niliutoa wapi? Niliununua mnadani, mbele ya mlango wa kanisa, baada ya ibada, kutoka mkononi mwa Mzee Ezekieli. Unalikumbuka shamba la usharika chini ya mteremko, ulikokuwa ukifukuza ndege? Lilikuwa la mtama mweupe, na kila mwaka kwelea kwelea wanaumaliza. Mwaka uliochaguliwa wewe kwenda chuo, baraza likaona lipande mtama mwekundu, kwa sababu ndege hawaugusi. Hawaugusi kwa kuwa ni mchungu, Elisha! Na watu nao hawauli. Taja nyumba moja ya hapa inayosonga ugali wa mtama ule. Mtama huo una kazi moja tu duniani, nayo wanaijua wote, hata watoto wa Shule ya Jumapili. Wapika pombe wanatoka vijiji vitatu kuungojea pale nje, na Scola ndiye mnunuzi mkubwa. Mzee Ezekieli anachota kiganjani, anapuliza makapi, anapaza sauti, "Akina mama, tazameni rangi hii!" Rangi ya nini? Ya uji wa mtoto? Fedha ile ndiyo inayokulipia ada ukafundishwe hiari.

Jumapili iliyopita Mchungaji alikuja. Unajua huja mara moja kwa mwezi, kisha Mwinjilisti Eliya anamzungusha kwa wagonjwa kuwapa Meza. Mama alijitayarisha tangu alfajiri. Kanga safi, kitambaa cheupe juu ya stuli, nywele kanichanisha mara mbili. Tukazisikia baiskeli zinakuja. Zikapita. Mama akasema, "Labda wamepotea njia." Nyumba hii ina njia ileile tangu hujazaliwa.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za milango. Mlango uliofungwa naujua uko wapi na aliyeufunga ni nani.

Dada yako,
Dorika


Chuo cha Biblia
23 Februari 1992

Dada Dorika,

Shikamoo. Mwambie Mama barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Sikujua. Nakuapia, nilijua shamba la usharika linanisomesha, lakini mtama mwekundu ulipandwa nikiwa nimeshaondoka, na hakuna aliyeniambia.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu mwingine, mzee aliyestaafu anayekuja kutufundisha Ijumaa. Nikamweleza bila kutaja majina. Alisema darasani tunaizungumza hiari kana kwamba kila mtu amesimama njia panda akiwa ameshiba. Alisema mtu huzaliwa tayari amefungwa, na mwenye njaa amefungwa mara mbili. Anataka jema, mkono unatenda jingine. Basi tutamhukumuje aliyefungwa kwa kutokwenda? Nilitoka mle nimepona, dada. Niliona nilikuonea.

Nikaandika kwa baraza siku hiyohiyo. Nimewaeleza kwamba hukuwa na hiari yoyote. Wewe ni mjane, una mama mgonjwa, huna wa kukusaidia, akili ilikuwa imezidiwa, na jirani mpika pombe akaingilia hapo akakuonyesha njia ile. Nimewaomba wasikuhesabie kosa ambalo kwa kweli si lako. Nina hakika watalainika, Mzee Ezekieli ana moyo mzuri ukimwendea kwa upole.

Habari ya mtama sikuigusa. Tusichanganye mambo, kila jambo na wakati wake.

Furahi sasa. Umerudishiwa usafi wako.

Mdogo wako,
Elisha


Sekenke
14 Machi 1992

Elisha,

Salamu baadaye.

Jumatano baraza liliniita. Nilikwenda nimejifunga kibwebwe kwa vita, nikakuta wanatabasamu. Mzee Ezekieli alinivutia kiti kwa mkono wake. Akasema, "Binti yangu, mdogo wako ametufumbua macho. Tumeona kumbe hukuwa wewe."

Nikamuuliza, "Alikuwa nani?"

Mwinjilisti Eliya ndiye aliyesema, "Ni yule mwanamke. Wewe simama Jumapili ya Pasaka, useme Scola alikushawishi wakati akili yako imezidiwa kwa ujane. Basi. Tunakurudisha kundini, na Mchungaji akija anaanzia kwa Mama yako."

Kisha wakaniambia tuombe.

Mwanzo uliniita mwenye dhambi, nikakasirika, lakini angalau uliniita mtu. Sasa umenifanya mbuzi aliyevutwa kwa kamba. Umeniondolea hatia kwa kuniondolea kichwa! Nani alikuambia akili yangu ilizidiwa? Ilikuwa mahali pake, ikifanya kazi. Niliiweka Meza ya Bwana upande huu na magugu upande huu nikapima. Sheria ya kanisa naijua kuliko Eliya, nimeifundisha watoto kabla yeye hajavaa suruali ndefu. Nikasema, Mungu akiniuliza nitamjibu mwenyewe. Kama ni dhambi, ni yangu nzima, sigawani na mtu. Na kama si dhambi, basi shamba lile lilivyopendeza sifa zake ni zangu pia, sitaki mtu anipunguzie.

Adamu alipoulizwa alinyoosha kidole: ni huyu mwanamke. Watoto wa Shule ya Jumapili hucheka nikifika hapo, kwa sababu ndivyo wanavyofanya nyumbani sukari ikipungua. Na leo wanaume wazima wenye mvi wananiazima kidole chao nikinyooshe kwa Scola!

Unajua barua yako imemfanya nini? Aliitabiri mwenyewe habari ya nyoka, na ndivyo wanavyomwita sasa. Kisimani wanawake wanaondoa ndoo zao akifika. Vijana wa kwaya wamemvunjia mitungi miwili mchana kweupe, wanaiita kazi ya Bwana. Mahali pamoja tu hawajamkataza kufika, napo ni mnadani. Jumapili alikwenda, na Mzee Ezekieli akamuuzia gunia, akamsaidia na kulitwika.

Na wewe mtama hukuugusa. Kila jambo na wakati wake! Wakati wake ni upi, ukishavaa kola ya uchungaji?

Mama sijamwambia. Akiuliza Mchungaji yuko wapi, namwambia mto umejaa. Uongo huo nao nimeuchagua kwa akili zangu timamu. Waandikie baraza na hilo.

Dorika


Sekenke
29 Machi 1992

Mwanangu Elisha,

Anayeandika ni Scola. Mimi ni mama yako Ritha, nasema, yeye anaandika. Dada yako yuko shambani, hajui.

Dorika ananidanganya kwamba mto umejaa. Mto ule nimeuvuka tangu utoto, ukijaa nausikia hapa kitandani. Nimemwachia aendelee kusema kwa sababu naona anavyojitahidi. Yote nimeyajua. Niliwasikia vijana wakivunja mitungi, nikamwita Scola akanieleza.

Nisikufiche, Meza naitaka. Naitaka kuliko dawa. Nilibatizwa nikiwa msichana. Baba yangu alikuwa mtu wa mambo ya zamani, alikasirika, akasema wazungu wa misheni wamenishawishi, mtoto hana akili. Nikamwambia, hapana Baba, hawakunishawishi, nimetaka mimi. Alinipiga kwa fimbo ya ng'ombe, lakini aliniamini. Kuanzia siku ile alinisemesha kama mtu mzima. Sasa nimezeeka kanisani, na kanisa linataka mtoto wangu aseme hana akili ndipo limpende.

Huyu Scola ananikanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni. Wakristo wenzangu wanasimama mlangoni wanauliza hali, hawaingii. Siwezi kula Meza nikiwa nimemkalia mgongoni.

Nakuuliza jambo moja wewe uliyesoma. Nikifa bila Meza, kwa sababu mtoto wangu amekataa kumsingizia mtu, Yesu atanipokea, au atataka kwanza neno la Ezekieli? Nijibu upesi, usizunguke. Usiniwekee Kigiriki.

Mama yako,
Ritha

Ndugu Elisha, habari za masomo. Hapa ni mimi Scola naongeza. Nimeandika yote aliyosema Mama bila kupunguza, hata pale aliponisifu nilipotaka kuruka. Nimesikia uliandika kwamba nilimshawishi dada yako. Umezaliwa naye nyumba moja. Hebu niambie, huyo anashawishika?


Chuo cha Biblia
8 Aprili 1992

Mama,

Shikamoo. Atakupokea. Hataki neno la Ezekieli wala langu. Wasipokuletea Meza, wao ndio wamekosa kwenda mezani, wewe uko hapo siku zote umevaa kanga yako safi. Sina Kigiriki, Mama. Nimekutafutia jibu vitabuni usiku na mchana, na jibu nikalikuta katika barua yako.

Dada Scola, nilikusingizia. Sikukujua hata sura, nikakutumia kama gogo la kuvukia maji. Naomba unisamehe, na mitungi nitailipa nikipata kazi.

Dada Dorika, nimemwandikia Mzee Ezekieli barua ya pili na kutaka isomwe mbele ya usharika. Nimeifuta ile ya kwanza. Nimesema ulichagua, na kwamba anayetaka kukuhukumu akuhukumu kama mtu. Na mtama nimeugusa, dada. Nimesema kama aliyepika ametengwa, basi aliyelima, aliyeuza, na aliyesomeshwa kwa mauzo wakae naye benchi moja, na mimi nimeshakaa. Jumapili hapa chuoni watu walipokwenda mezani nilibaki kwenye kiti. Mkuu wa chuo aliniita ofisini, nikamweleza yote. Alinitazama sana, kisha akauliza ni nani aliyenishawishi.

Nimeomba ruhusa ya kuja kumwona Mama. Wamesema mpaka mitihani iishe. Nafikiri kama nitangoja.

Elisha


Sekenke
Jumamosi, 25 Aprili 1992

Elisha mdogo wangu,

Simu ya upepo tuliyokupelekea najua imekufikia, na najua gari lilikwama Manyoni ukakosa mazishi. Damiani alinieleza alivyokukuta stendi umekaa juu ya begi, na kwamba ulirudi chuoni kwa sababu ulisema huwezi kutazama kaburi kabla hujajua utaliambia nini. Silalamiki. Nakueleza yaliyotokea, ili usiyasikie kwa mwingine.

Barua yako ilifika Jumatatu ya juma la mateso. Scola ndiye aliyemsomea. Mama alimwambia rudia pale pa kanga safi. Akarudia. Akasema, "Mtoto amesoma." Akacheka kidogo, akaomba uji. Jumatano asubuhi Scola alipokuja na maji ya moto alikuta amekwisha kwenda. Hakuipata Meza, Elisha. Nasema wazi ili mtu asije kulipamba jambo hili kesho. Aliitaka mpaka mwisho na wakamnyima.

Mwinjilisti Eliya alikuja akasimama nje. Alisema anasikitika, lakini nyumba iko chini ya nidhamu, hataweza kuzika, na kengele haitalia. Wewe unaijua kengele yetu, ni ringi la lori lililotundikwa kwa mnyororo. Damiani alikuwa pale amekuja kutoa pole. Alikwenda garini akashusha ringi bovu alilokuwa nalo nyuma, akalifunga kamba kwenye boriti ya ghala letu, akachukua spana akagonga. Sauti ilikuwa ileile. Watu walitoka majumbani wakidhani ni kanisani, wakaja, na walipofika wakaona aibu kurudi. Hata kwaya walikuja, hata wale wa mitungi. Nilisoma mimi, nikaomba mimi. Scola alifanya ishara ya msalaba kwa namna ya kwao na hakuna aliyemkataza.

Jumapili ya Pasaka nikaenda kanisani. Niliketi nyuma kabisa pamoja na waliotengwa. Walipofika kwenye matangazo Mzee Ezekieli akasema, "Dada yetu Dorika ana neno." Barua yako hakuisoma. Niliiona mfukoni mwa koti lake, imekunjwa mara nne.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi Dorika nilipika pombe. Sikushawishiwa na Scola, wala njaa, wala shetani. Nilifikiri, nikachagua. Mtama niliununua hapo nje kwa Mzee Ezekieli, naye hakushawishiwa na mtu, alichagua kuuza. Kama ni dhambi, yangu hii hapa, nimeileta yote. Nangoja na wengine walete za kwao."

Dakika moja, kama ulivyoniandikia. Ulisema kweli, haizidi hapo.

Hakuna aliyesimama. Mzee Ezekieli akaniambia kaa, akaanzisha wimbo kabla sijakaa. Lakini madirisha ya kanisa letu hayana vioo, na wapika pombe walikuwa nje wameshika magunia yao matupu wanangoja mnada, kutoka vijiji vyote. Walisikia kila neno.

Ibada ikaisha, tukatoka. Mayai yakauzwa, kuku akauzwa, boga likauzwa. Ukaja mtama mwekundu, magunia yote ya ghala la usharika, maana ndiyo Pasaka na ada yako ya muhula inangoja. Mzee Ezekieli akachota, akapuliza, akasema, "Akina mama, tazameni rangi hii!" Kimya. Akashusha bei. Kimya. Akashusha tena, akamtazama Scola. Scola akakunja gunia lake, akalitia kwapani, akaondoka. Mwingine akafuata. Wakaondoka wote, Elisha, taratibu, bila kelele, na mimi sikuwa nimesema nao neno hata moja.

Jumatatu baraza likaniita, kumi wamenizunguka. Wanataka kujua nani aliwashawishi. Nikawaambia hawajashawishiwa, wamechagua. Hawaniamini. Wanaweza kuamini kwamba shetani alipita kwa Adamu, kwa Scola na kwangu, lakini hawaamini kwamba mpika pombe anaweza kufikiri mwenyewe akaamua kuacha faida.

Kwa hiyo ada yako haipo. Alizeti yangu imeshiba, vichwa vimeinama kwa uzito, na mwezi wa sita Damiani anakuja. Ukitaka kumaliza masomo nitakusomesha mimi, kwa alizeti iliyopaliliwa kwa pombe, na kila mtu ajue hivyo, wewe wa kwanza. Ukitaka kurudi, jembe la pili lipo. Sikuambii lipi. Baba wa Mama alimpiga lakini alimwachia achague, na mimi sitakuwa chini yake.

Magunia yale hakuna aliyeyarudisha ghalani. Kila mzee alimngoja mwenzake ayabebe, yakabaki barazani mwa kanisa chini ya paa linalovuja. Jumatatu jioni mvua ikanyesha, Jumanne ikarudia. Jana nimepita pale na Scola. Magunia yamejaa joto, yamepasuka mishono, na vimizizi vyeupe vinatokeza kila tundu. Scola akachomoa punje chache, akazifikicha, akazionja. Akasema kimea cha pombe kama hicho yeye hajawahi kukipata tangu aanze kazi. Kiko pale mlangoni mwa kanisa, kinangoja chungu tu.

Sasa wazee waniambie, mtama nao nani kaushawishi.

Dada yako,
Dorika